Mkosi Ulivyoshinda Kesi

Gereji ilikuwa kimya kama maji ya mtungini. Gari la mashindano lilikaa juu ya jeki, halina tairi la mbele, limeinamisha pua kama mtu aliyefiwa. Ukutani palibandikwa jedwali la msimu, na ili kuiona timu ya gereji hiyo ilibidi mtu apige magoti, kwa kuwa chini yake palikuwa na ukuta mtupu.

Mwenye timu, mzee wa tumbo la heshima ambaye kila mtu alimwita Mjomba, aliwaketisha wapwa zake wawili: dereva, aliyejiita Radi, na dada yake, fundi. Mfadhili wao, mama mwenye kiwanda cha betri, alikuwa njiani. Gereji ilikuwa mali yake, na swali lake lilikuwa moja: wameshika mkia kwa bahati mbaya au kwa kutojua kazi? Jibu ndilo lingeamua kama timu itaishi au gereji itageuzwa ghala.

"Tumwambie ukweli, Mjomba," fundi alisema. "Mimi nabadilisha tairi kama navalisha bibi harusi. Na huyu kaka hafanyi mazoezi."

"Mimi? Mimi ni Radi!"

"Radi kweli. Msimu mzima umepiga miti tu."

Mjomba aliinua mkono. "Wanangu, funika kombe mwanaharamu apite. Ukisema hujui kazi, unafukuzwa. Ukisema una mkosi, unapewa pole. Nani amewahi kumfukuza mwenye mkosi?"

Hoja hiyo iliwaingia kama siagi kwenye mkate wa moto.

Mfadhili alipofika, alipewa kiti pekee kisicho na grisi. Mjomba akaeleza habari za mvua iliyonyesha upande wao tu wa barabara. Radi akadakia na ng'ombe aliyekatiza, jua lililompiga machoni, na kona moja ambayo, kwa maoni yake, ilisogea.

"Na wewe, binti yangu?" mfadhili alimuuliza fundi. "Sema tu, siumi."

Fundi alifungua kinywa. Akamwona Mjomba amemkodolea macho kama taa za lori.

"Nati, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Nati zetu zina mkosi."

Mfadhili akapangusa machozi, machozi ya kweli.

"Mmenishawishi," alisema. Mjomba akamkonyeza Radi. "Nilikuja nikidhani hamjui kazi. Nilikwishampata mwalimu wa madereva, na fundi mkuu wa kumwelekeza huyu binti. Wangeanza Jumatatu. Asiyejua hufundishwa. Lakini mkosi, wanangu, nitaupeleka shule gani? Mimi nauza betri. Siwezi kubandika jina langu kwenye gari lenye nuksi."

"Mama, subiri!" fundi alilia. "Nimedanganya! Uzembe ni wangu!"

"Usijitwishe lawama, mwanangu," mfadhili alisema kwa huruma, akimpapasa bega. "Mjomba wako ameeleza vizuri mno."

Wiki hiyohiyo gari lilivutwa nje kwa kamba, na makasha ya betri yakaanza kuingizwa. Radi alikaa juu ya tairi kuukuu, kofia ya mbio mapajani, akiwaza kazi nyingine anayoijua, na hakuipata. Fundi aliomba kazi ya kubeba makasha. Msimamizi alimpa pole nyingi, akamwambia asiyaguse, maana amesikia habari za mkono wake wenye mkosi. Akarudi kukaa karibu na kaka yake, na kwa mara ya kwanza hawakuwa na neno la kutaniana.

Mjomba aliyatazama makasha yakipita, akatikisa kichwa.

"Mnaona, wanangu?" alisema. "Hata mfadhili tumepata mwepesi wa kuamini. Huu ni mkosi mtupu."

Juu ya mabati jua lilikuwa likitua taratibu, halina hatia yoyote, wala halikujua kwamba limetajwa katika kesi. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.