Moto Uliozimwa kwa Ajili ya Picha

Mtu mmoja alikuwa na kamera, na alikuwa na subira kuliko watu wote wa kazi yake. Jina lake Zefania. Wenzake walipiga picha za harusi na ubatizo, wakikimbia huku na huko jasho likiwatoka, lakini yeye alipiga milima tu, na mlima haukimbizwi. Aliweza kukaa juu ya jiwe tangu alfajiri mpaka adhuhuri akingoja wingu moja lisogee, na lisiposogea alifunga vyombo vyake bila kunung'unika, akarudi kesho yake. Watu walimsifu. Walisema, mvumilivu hula mbivu, mtazameni Zefania. Naye alizisikia sifa hizo, akazipenda, na polepole akaanza kuiona subira yake kama mtu anavyoliona shamba lake, mali aliyoichuma mwenyewe wala hadaiwi na mtu shukrani kwa ajili yake.

Ila palikuwa na picha moja iliyomshinda. Alitaka kuupiga mlima mkubwa mzima, kuanzia migomba iliyo miguuni pake mpaka theluji ya kileleni, katika ile nafasi fupi ya asubuhi jua linapoigusa theluji kabla halijashuka mabondeni. Alikuwa ameifuata picha hiyo tangu ujana wake. Basi mwaka mmoja, msimu wa baridi ulipoingia, alipanda mpaka kijiji cha mwisho chini ya msitu, akapokelewa na mjane mmoja aliyeitwa Mama Kanaeli. Mwanawe Kanaeli alikuwa mbali kwenye kazi ya bandarini, na nyumbani alimwacha mkewe, Nsia, mimba yake ikiwa imekaribia siku zake. Mama Kanaeli alimpa mgeni chumba cha Kanaeli na kitanda chake. Yeye na mkwewe wakahamia jikoni, kwenye kibanda cha mafiga, wakatandika mkeka kando ya moto.

Zefania alipanda kwenye mwamba ulio nyuma ya nyumba, akakiona kilichoharibu mahali pale. Mawingu alishayazoea. Kilichoharibu ni moshi. Kabla ya mapambazuko kila nyumba ilikuwa na moto wake, na asubuhi za baridi moshi haupandi. Hulala juu ya migomba kama shuka na kuificha miguu yote ya mlima. Hapo akafanya jambo ambalo hata mimi na wewe tungelifanya, tena kwa tabasamu. Alizunguka nyumba kwa nyumba, kofia mkononi, akaomba. Aliomba moto uzimwe kabla ya kupambazuka, uzimwe kabisa, hata makaa yaliyofukiwa kwenye majivu yamwagiwe maji, kwa maana nayo hufuka. Jua likishapanda, kila mtu awashe moto wake. Watu wa pale ni watu wa heshima, na kwao mgeni haambiwi hapana. Walikubali. Walidhani ni asubuhi moja.

Asubuhi ile mlima haukufunguka, wala iliyofuata, wala nyingine zilizokuja nyuma yake. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe, lakini nani atampa jembe mtu aliyebeba kamera? Watoto walikwenda shule bila uji. Wazee walikaa vitandani wamejikunyata ndani ya mablanketi, wakisubiri jua kama wafungwa wanavyosubiri mlango. Na Zefania alikaa juu ya mwamba wake, ametulia tuli, ndani ya koti zito la sufu, na chupa ya chai ya moto mapajani mwake. Chai hiyo alichemshiwa na Mama Kanaeli kila alfajiri, ikiwa kazi ya mwisho kabla mama huyo hajamwagia mafiga maji. Alikuwa na subira, siwezi kumnyima hilo, lakini subira yake ilikuwa imevaa vizuri na imeshiba. Aliposhuka mchana, Mama Kanaeli alimuuliza, "Umefunguka, baba?" Naye alimjibu, "Bado, mama. Subira yavuta heri." Mama Kanaeli akasema haya, akaenda kutafuta kuni kavu, na msimu ule kuni kavu zilikuwa adimu.

Ndipo Nsia alipojifungua mtoto wa kiume. Katika kijiji kile, kama katika vijiji vyote vya baridi, moto wa mzazi hauzimwi. Huchochewa usiku na mchana mpaka siku mzazi atakapotoka nje na mwanawe, na mama mkwe anayeuacha uzimike husemwa mpaka kaburini. Jioni ile Mama Kanaeli alikaa na mgeni wake, akangoja aseme neno. Alitaka neno moja tu, kwamba sasa basi, nyumba hii ina mzazi, moto uwake. Zefania alifurahi kwa kweli. Alitoa hongera, akafungua mkoba wake akatoa kitambaa kizuri cha kumfunika mtoto. Kisha akatazama juu, akasema anaona kama kesho kutakucha vizuri. Akaingia chumbani kulala. Alfajiri Mama Kanaeli alimchemshia chai, akachukua kibuyu, akasimama mbele ya mafiga kwa muda, halafu akamwaga maji.

Ndugu zangu, hapa pananiuma, na sitaki tupite haraka. Mtu huyu hakuwa mbaya. Angemwona mtoto ameanguka mtoni, angejitupa majini na nguo zake. Lakini mtoto huyu hakuanguka mtoni. Alikuwa anapoa polepole, nyuma ya ukuta, kwa ruhusa ya wenyewe. Pale mwambani Zefania alimsikia akilia, na kilio kilimchoma. Alijua. Kila mtu hujua. Lakini alijijibu kwamba wenyeji ni watu wazima, wana midomo, kama kuna shida wangesema. Akajipa asubuhi moja zaidi, na baada ya hiyo nyingine, kwa maana mtu aliyekwisha kungoja sana huona hasara kuondoka. Kisha ikaja asubuhi ambayo kilio kilikuwa chembamba, kama cha paka aliyefungiwa ghalani. Na ikaja asubuhi ambayo hapakuwa na kilio. Zefania, Mungu amsamehe, alishukuru kwa utulivu ule.

Asubuhi hiyo ndiyo mlima ulipofunguka. Wingu lilichanika katikati, likavutwa pande mbili, na theluji ikatokea, nyeupe kwanza, halafu jua likaigusa kwa pembeni. Chini yake msitu ulisimama mweusi, na chini ya msitu migomba, jani kwa jani, hakuna moshi popote. Alisogeza jicho kwenye kamera na kuanza kupima mwanga, akijizuia asiharakishe, maana jua lilikuwa bado kidogo lifike ukingo wa kilele. Ndani ya kioo aliona kitu kinasogea. Ni mwanamke, mdogo kama mchwa, anatembea katikati ya migomba na kigae mkononi. Alikwenda mlango wa kwanza, akatoka. Akaenda wa pili, akatoka. Zefania alisaga meno, akamwombea atoke kwenye picha. Alimtambua ni Mama Kanaeli, na alijua mtu akishika kigae alfajiri anatafuta nini. Anaomba kaa la moto kwa jirani. Lakini kijiji kizima kilikuwa kimezima moto kwa heshima ya mgeni, na hapakuwa na nyumba hata moja yenye kaa la kumpa mwenzake.

Mwanamke akarudi kwake mbio, kigae kitupu. Jua lilifika ukingo wa kilele. Zefania aliweka kidole mahali pake, akavuta pumzi, na wakati huohuo moshi ukatoka kwenye paa la jikoni kwa Mama Kanaeli, moshi mzito wa kuni mbichi, ukajimwaga mbele ya mlima katikati kabisa ya picha.

Alishuka mwamba ule akiteleza na kujigonga, asijali. Alifika mlangoni hana pumzi, akapaza sauti kwamba umefunguka, mama, umefunguka, dakika moja tu, nakuomba. Ndani kulikuwa na giza. Nsia alikuwa amekaa kwenye mkeka amejikunja, amemweka mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, na uso wa mtoto tu ndio ulioonekana, midomo yake ina rangi ya majivu, inafunguka na kufumba bila sauti. Mama Kanaeli alikuwa amepiga magoti, njiti za kiberiti kilicholowa zimetapakaa mbele yake, anapuliza cheche moja iliyoshika kwenye majani makavu aliyoyachomoa kwenye godoro lake mwenyewe. Machozi yalimtiririka, na huenda ni ya moshi. Hakugeuka. Alisema, "Baba, wewe unausubiri mlima. Sisi tunakusubiri wewe."

Karibu na mlango palikuwa na kibuyu cha maji, kimejaa. Zefania mwenyewe ndiye aliyeungama baadaye kwamba alikitazama. Nyuma yake, kupitia mlango ulio wazi, mlima ulikuwa umesimama wote, kama alivyouota tangu ujana, na alijua kwamba mmwagiko mmoja wa maji kwenye cheche ile ungempa alichokitaka. Alijua pia, na hili lilimtisha kuliko kitu chochote alichowahi kukiona, kwamba hakuna mtu humo ndani ambaye angemzuia. Wangenyamaza, kama walivyonyamaza siku zote. Mkono wake ulisogea. Hajui ulikuwa unakwenda wapi. Kisha mdomo wa mtoto ukafunguka tena na kufumba. Zefania akapiga magoti kando ya Mama Kanaeli, akainamisha uso mpaka karibu na majivu, akapuliza.

Alipuliza mpaka kichwa kikamzunguka. Cheche ilizimika, ikarudi, ikapanda kwenye jani, ikashika kijiti, ikang'ata ukuni mbichi, ukalia na kutoa povu, mwisho ukawaka. Majirani waliouona moshi walikuja na vigae vyao, wakachukua makaa, na kutoka mafiga yale moto ukarudi katika kijiji kizima, nyumba baada ya nyumba, moshi juu ya migomba yote. Wasemao husema mlima ulibaki wazi asubuhi ile kuliko ilivyopata kuonekana, na kwamba theluji ilikuwa nyekundu kama damu ya ng'ombe. Zefania hakuuona. Alikuwa amekaa kwenye vumbi la jikoni macho yamevimba, anamsikiliza mtoto ambaye sasa alikuwa amepata sauti, analia kwa hasira kama mtu aliyecheleweshwa.

Mtoto aliishi. Lakini kifua chake hakikuwa imara tangu siku zile, na kila baridi ilipoingia alikohoa mpaka mama yake akaamka, na Nsia hakuwahi kumlaumu mtu kwa mdomo wake. Zefania naye hakuipata picha ile, na watu wa mjini walimsikitikia kwa subira yake iliyopotea bure. Mimi simsikitikii. Nawaogopea ninyi, waume na wake mnaosifiwa kwa kungoja, mnaongoja cheo, mnaongoja nyumba kubwa, mnaongoja hata baraka za Mungu, nanyi mmetulia tuli kwenye mwamba wenu. Je, mmewahi kushuka mkaangalia ni moto wa nani umezimwa ili ninyi mpate kungoja?