Pimbi na Dada Yake wa Msituni

Watoto, niwape ngano?

Tupe, masikio yako wazi.

Niwape ya kale?

Ya kale ndiyo tamu.

Hapo zamani za kale, palikuwa na wanyama wadogo wawili, dada wa tumbo moja. Mkubwa, Perere, aliolewa msituni, akaishi juu ya miti. Mdogo, Pimbi, aliolewa mlimani, akaishi kwenye mawe, kunakovuma upepo mchana kutwa.

Siku moja Pimbi akaenda kumtembelea dada yake, pamoja na binti yake mdogo, Tunu.

Perere akawapokea. "Kariiibuuu, mdooogo wanguuu."

Pimbi akacheka. "Dada, mbona unavuta maneno kama kamba ya kisima? Jua litatua hujamaliza salamu."

"Nawe unayakata kama mihogo," Perere akasema. "Kula kwanza, utanisema ukishiba."

Pimbi akamnong'oneza binti yake, "Usimuige mama mkubwa. Kwetu watatucheka."

Asubuhi Tunu akafuata kipepeo, akapotea. Na huko alikoelekea, Chui alikuwa akiwinda.

Pimbi akaita kama walivyoita kwao, "Tunu! Tunu!" Majani yakaimeza sauti.

Akaita mara ya pili, kwa nguvu zaidi. Majani yakaimeza.

Akaita mara ya tatu, mpaka koo likakauka.

"Hapa neno fupi halifiki," Perere akamwambia. "Livute. Mimi bado ni mgeni kwake. Ataifuata sauti ya mamake."

Pimbi akaona haya. Kisha akafumba macho, akaita, "Tuuunuuu, njoooo."

Sauti ikapenya kati ya miti kama maji kati ya vidole. Kutoka mbali ikajibiwa, "Maaamaaa, nakuuuja."

Tunu akaja akiruka tawi kwa tawi. Chui alipofika pale Tunu alipokuwa, alikuta majani yakitikisika tu.

Pimbi akamkumbatia binti yake. "Nani kakufundisha kuita hivyo?"

"Mama mkubwa. Jana, ulipokuwa umelala."

Mwezi uliofuata, Perere naye akaenda mlimani. Akatoa salamu yake ndefu, upepo ukaichanachana. Pimbi hakucheka. Akamshika mkono, akamwambia, "Huku tunakata, dada. Jaribu tena."

Watoto wangu, kila mahali hufundisha watu wake namna ya kusema. Usimcheke mtu kwa lafudhi yake kabla hujasimama pale aliposimama.

Ngano yangu imeshuka mtini. Aliyeipenda aende nayo kwao, akaisimulie kwa sauti ya kwao.