Mnunuzi Aliyekataa Kuinuka

Mlango ulimteka, akalisahau paa;
Anunuaye haraka, nyumbani hushinda njaa.

Imepokewa kwa watu wa mji wa Kufa, kule Iraki, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba alikuwako katika mji huo mshona makubadhi akiitwa Shaddadi bin Naufali, mtu wa sala na saumu, asiyekuwa na udhaifu ujulikanao ila mmoja: kila alipopita mbele ya mlango wa nakshi, miguu yake ilikataa kuendelea. Kwa miaka kumi na minane alikuwa amepanga chumba juu ya ghala la vitunguu, hata wenziwe msikitini wakawa wanamtambua kabla hajatoa salamu. Katika miaka hiyo, kwa kujinyima nyama na kuvaa kanzu moja, alijaaliwa kuweka akiba ya dirhamu mia nne, naye akaazimia kununua nyumba, ya kwanza na, inshallah, ya mwisho.

Mkewe, Bi Hunaida, alimnasihi mapema.

"Baba Lubaba, mwenye mia nne hanunui nyumba ya mia nne. Tafuta ya mia tatu. Mia itakayobaki ni ya paa, ni ya kisima, na ni ya ule mwaka ambao watu wataamua kwenda peku. Wala usitoe neno mpaka mvua inyeshe, maana nyumba wakati wa kiangazi ni kama mchumba wakati wa posa: haina ila."

Shaddadi aliitikia kwa kichwa. Kesho yake akafuatana na dalali mmoja, jina lake Kunfudhi, kwenda kutazama tu.

Nyumba ilikuwa ya Sheikh Mughira, mzee mchaji aliyeirithi kwa nduguye, naye akitaka kuiuza apate masurufu ya Hija, kwa kuwa msafara ulikuwa uondoke siku ya Ijumaa. Mlango wake ulikuwa wa msaji, umechongwa mikomamanga na kupigwa misumari ya shaba. Shaddadi alisimama. Miguu ilikataa.

"Paa linavuja?" akauliza, jicho likiwa bado mlangoni.

"Sijui," akajibu Sheikh Mughira. "Nimeirithi kiangazi. Nikisema halivuji, nitakuwa nimeshuhudia nisilolijua. Nikisema linavuja, nitakuwa nimemsengenya marehemu."

"Na bei?"

"Mia nne."

Shaddadi aliona kwamba idadi ile kuafikiana na akiba yake haikuwa bure, bali ni ishara. Wakaketi ukumbini. Sheikh akasema, "Nimekuuzia." Shaddadi akasema, "Nimekubali." Na neno lilipomtoka, ndipo hesabu ya Bi Hunaida ilipomwingia.

Lakini sharia, kwa rehema yake, imewapa wauzianao khiyari ya kikao: maadamu hawajatengana, kila mmoja anaweza kutengua; wakitengana, mauzo yamethibiti. Kutengua, Shaddadi aliona haya, na mlango aliupenda. Kuondoka, alikumbuka miaka kumi na minane ya vitunguu, akaogopa. Basi akakaa.

Sheikh Mughira aliutambua wasiwasi wake. "Moyo wako umesita," akasema. "Nikiondoka mimi sasa, nitakuwa nimekufungia biashara usiyoiridhia, nami nitaulizwa kwayo. Kaa, nami nakaa."

Kunfudhi, ambaye ujira wake haukuwa halali mpaka wawili hao watengane, alijishika kichwa.

Wakakaa siku hiyo, na ya pili yake. Ulipofika wakati wa sala walikwenda msikitini bega kwa bega, kila mmoja ameshika ncha ya kilemba kimoja, kwa kuchelea msongamano usije ukawatenganisha. Mmoja alipoingia msalani, mwingine alisimama nje ameshika ncha yake, akitazama kwingine na kukohoa mara kwa mara, ili ijulikane kwamba kikao kinaendelea.

"Shaddadi," jirani mmoja akamdhihaki, "umenunua nyumba au umenunua Sheikh?"

Kunfudhi naye hakulala juu ya haki yake. Alikuja mbio akihema.

"Shaddadi, duka lako linaungua."

"Sina duka. Nashonea kwenye baraza ya watu."

"Basi baraza inaungua."

"Ni ya mawe."

Bi Hunaida alileta dengu katika bakuli, akawatazama wote wawili, kisha akakitazama kilemba.

"Baba Lubaba, umenunua?"

"Kidogo."

"Kununua kidogo ni kufanyaje?"

"Nimenunua, lakini bado sijaondoka."

"Basi usiondoke," akasema, akauangalia mlango wa msaji kama mwanamke amwangaliavyo mke mwenza. "Mawingu yameanza. Kesho nitaleta dengu tena."

Siku ya tatu ilikuwa Alhamisi. Baada ya adhuhuri mvua ikanyesha, mvua ya kwanza ya mwaka, nzito kama deni la mrithi. Walikuwa ukumbini, Sheikh upande wa ukuta, Shaddadi upande wa mlango, na dalali katikati akiomba dua. Shaddadi aliinua uso. Juu yake palikuwa pakavu. Akangoja kwa kadiri ya kusoma Yasini, akainua tena: pakavu. Subira yake, ambayo tangu mwanzo ilikuwa ya kuazima, ikamwishia.

"Paa ni zima," akasema. "Nimeridhika, Sheikh wangu. Naondoka."

Akaiachia ncha ya kilemba. Ilibaki hatua moja tu, na mia nne zingekuwa za Sheikh, na msafara ulikuwa kesho. Hapo Shaddadi akahisi mkono umemshika mkono wa kanzu. Akageuka. Ndevu za Sheikh Mughira zilikuwa zikitiririka.

"Unalia, Sheikh?"

"Silii. Hili ni paa. Linavuja upande wangu tangu ulipoanza kulisifu. Rudi ukae."

"Ni jasho hilo," akasema Kunfudhi.

"Jasho," akasema Sheikh, akiyapangusa, "halina udongo."

Bi Hunaida, aliyekuwa amefika na bakuli, aliliweka chini ya tone bila kuuliza. "Mia tatu," akasema.

Sheikh Mughira akafikiri. "Mia tatu zitanifikisha Makka na kunirudisha, juu ya ngamia asiye na hema la kivuli mgongoni. Na anayetaka kivuli akae kwake." Wakaitengua biashara ya kwanza, wakafunga ya pili, na mia moja ikabaki kifuani kwa Bi Hunaida, mahali ambapo Shaddadi hakuwa na ujasiri wa kuiulizia.

Katika hili mna mazingatio kwa anayetaka kuingia nyumba yake ya kwanza: akiba yote si bei, na kiangazi si shahidi, na mvua ya siku moja humwambia mtu yale ambayo dalali hatayasema mwaka mzima. Naye Sheikh aliyevujiwa peke yake na asilifiche, huyo alihiji kabla hajafunga safari.

Kilichosalia kilikuwa kutengana. Wazee wale wawili wakainuka kwa pamoja, sakafu ya udongo ikiwa imelowa, wakateleza. Kunfudhi akakimbilia kuwatenganisha kabla hawajabadili nia, naye akaenda chini juu yao. Aliyebaki amesimama ni Bi Hunaida.