Mafundo ya Nakiete Usoni pa Jua

Jua lilipokuwa halijashonwa, uso wake ulikuwa laini kama kibuyu kipya, na kila adhuhuri lilitua kupumzika juu ya jabali la kijiji chetu. Msinibishie. Nyinyi hamkuwepo, mimi sikuwepo, lakini bibi aliyenisimulia hakuwa mwongo.

Mwaka mmoja jua likapata ufa, moto ukaanza kuvuja. Kwanza uliunguza vichaka kileleni, kesho yake ukala mashamba, halafu nyumba za juu. Watu wakafunga virago. Ila Namkunda alikuwa amejifungua juzi tu, na mzazi wa ukoo wetu hatoki nje kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka. Nyumba iliyofuata kwenye njia ya moto ilikuwa yake.

Mama yake, Nakiete, alikuwa fundi wa kushona vibuyu vilivyopasuka. Alikwenda mbio kwa kaka yake Kiondo, mhunzi.

"Kaka, nipe nyuzi za chuma."

"Dada, jua halishonwi! Mtoe mwanao tukimbie."

"Mzazi hatoki. Na mimi siendi kokote."

Kiondo alimjua dada yake akishakaza shingo. Akamfulia nyuzi, akazisugua kwenye jiwe lake la sumaku, ili ncha zivutane zenyewe pale mkono usipofika.

Adhuhuri jua lilipotua, Nakiete alikuwa jabalini akilisubiri. Akapitisha uzi wa kwanza ufani, akavuta. Moto ukamrukia vidoleni. Alipiga ukelele, lakini hakuachia. Fundi wa vibuyu huficha mafundo ndani, yasimkwaruze mnywaji. Yeye angetiaje mkono ndani ya moto ule? Akafunga nje, harakaharaka, vifundo vidogo vidogo visivyolingana, huku tone kubwa likining'inia juu ya paa la mwanawe. Akakaza cha mwisho kwa meno. Tone likarudi ndani.

Jua likapaa kwa maumivu, wala halikutua tena jabalini.

Nakiete alishuka hana vidole. Siku mjukuu alipotolewa nje, alimpokea kwa viwiko, akalia kwa furaha na uchungu.

Na tangu siku hiyo uso wa jua umejaa vifundo. Havitulii hata kidogo: kimoja hufumuka kikarusha cheche, kisha ncha zake hutafutana na kujifunga upya. Nasi huku chini, mtoto mchanga akitolewa nje, bibi yake humpokea kwa viwiko, hata kama vidole vyake vyote ni vizima.