Kofia ya Darubini

Msoma nyuso husahau uso wake.

Ndiyo, Mahanyu, umesikia sawasawa. Bibi yako amekurushia methali hiyo kutoka jikoni baada ya dada yako kukushinda, nawe badala ya kukubali umekuja kuniuliza imetoka wapi. Keti. Na wewe Tunu, acha kucheka, weka karata chini. Methali hii haikuletwa na wahenga ambao makaburi yao hayajulikani. Ilizaliwa hapa hapa Tanga, Ngamiani, uani kwa Bi Kazija, na mikono yangu hii ndiyo iliyokuwa ikigawa karata. Chanzo chake ni hiki.

Zamani hizo mtaa wetu ulikuwa na ngoma moja ya daku. Usiku wa Ramadhani wanaume walipita nayo nyumba kwa nyumba, wakiamsha watu wapate kula kabla ya alfajiri. Mpigaji alikwenda mbele, akitoa beti. Waitikiaji walimfuata nyuma. Ngoma ile ilichongwa na Mzee Mbwana kwa gogo la mfenesi, na ukiisikia, hata uwe umelala fofofo, kifua chako kingeamka kabla ya macho. Mzee Mbwana alipofariki, haikurithiwa na mwanawe. Ilikuwa ngoma ya mtaa. Aliyeishika ni yule aliyeshinda karata siku ya kuvunja jungu, siku ile ya mwisho ya kula mchana kabla ya mfungo.

Mchezo wenyewe tuliuita funika. Wageni wana wao unaofanana nao, wanauita poka. Kila mtu anapewa karata tatu, anazitazama peke yake, kisha anaweka kunde sahanini kuonyesha anavyoziamini. Mwenzake akiweka, nawe uweke kama yeye, au uongeze, au ukunje karata zako na kuziacha kunde zako ziende. Wanaobaki wanafunua. Karata mbili zinazofanana ni pacha, na pacha anamla yeyote asiye na pacha. Basi. Lakini mwenye karata mbovu akiweka kunde nyingi kwa uso mkavu, wenye karata nzuri hukunja. Kazi yote ni kufunika.

Kwa nini kunde? Kwa sababu Bi Kazija, mwenye nyumba, alikuwa ameapa, "Senti ikionekana uani kwangu naitia kwenye mchuzi, na mwenyewe ataila." Tena aliweka sharti: adhana ya magharibi ikisikika, karata zinafungwa kitambaani hadi Idi. Kama mchezo haujaisha, ngoma inabaki kwa aliyekuwa nayo.

Na aliyekuwa nayo, mwaka baada ya mwaka, ni Fundi Mwinchande, mtengeneza baiskeli. Watu walimwita Darubini. Lo! Mtu yule alikuwa na macho! Tulikuwa tunaishi pamoja, tunazikana, tunaozana, hatukujua tulivyokuwa wazi mbele yake. Bi Kazija akipata karata nzuri alijipepea hata kama kuna upepo. Shaweji, muuza nyama, akiwa hana kitu alianza kuvuma kasida puani. Na Ngwali, mtoto wa marehemu Mzee Mbwana, akidanganya alishika ncha ya sikio lake la kushoto. Darubini aliyajua yote hayo. Karata zetu alizisoma mgongoni kama aliyezichora yeye.

Ngwali alikuwa kijana wa moto. Hakwenda shule ya ushairi; alijifundisha beti mwenyewe, akizihesabu mizani kwa vidole huku akibeba magunia. Ramadhani zote alimwitikia Darubini, akitembea nyuma ya ngoma ya baba yake, na beti zake zikimwasha kooni bila kupata nafasi ya kutoka.

Mwaka huo tulipokaa mkekani, pilau ikipumua kwenye jungu, Darubini akaipiga ngoma kofi moja, akakunja uso.

"Sikieni sauti. Kama mtu mwenye mafua. Nikishinda leo, gogo hili nampa Bi Kazija achochee moto. Nimeshaona ngoma ya bati, inang'aa kama jua. Hiyo ndiyo nitakayopiga."

 Ngwali akasimama.

"Kuni? Fundi, umesema kuni?"

"Nimesema kuni, mwanangu. Unataka kuiokoa? Keti ucheze. Huku hakuokolewi kitu kwa kusimama."

Shaweji akamvuta Ngwali shati. "Keti, bwana. Ukisimama hata sikio lako analiona vizuri zaidi."

Watu wakacheka, na Ngwali akageuka haraka. "Sikio langu lina nini?"

"Ala! Hujui?" Bi Kazija akasema. "Ukidanganya unalishika. Mtaa mzima unajua, hata paka wangu."

Ngwali akakaa.  Niligawa karata.

Mchana ukaenda kwa kelele na vicheko. Shaweji ndiye aliyetoka kwanza. Alivuma kasida yake ubeti mzima, Darubini akamwongezea kunde, na alipofunua hakuwa na pacha wala karata kubwa. "Hii kasida itaniua," akasema, akachukua ngazi, akaiegemeza ukutani, akapanda na mwili wake wote ule ili atutazamie jua. Baada ya alasiri Bi Kazija naye akatoka. Alijipepea, wenzake wakamkimbia, akawa akishinda mbili mbili na kupoteza kumi kumi mpaka kunde zikamwishia. "Wanaume waoga nyie!" akasema, akaenda kupakua pilau.

Wakabaki wawili. Kunde za Darubini zilikuwa mlima, za Ngwali kichuguu. Na Darubini akaanza hila. Alijua adhana ni rafiki yake. Kila nikigawa, anakunywa kahawa kwanza. Anapangusa mdomo. Anauliza habari za wagonjwa.

"Fundi, cheza!" Ngwali akafoka.

"Haraka ya nini? Kahawa ya moto hainywewi mbio."

"Jua limegusa paa la Fundi Mwinchande!" Shaweji akapaza sauti kutoka ngazini. "Naona hata shuka alizoanika!"

Sasa wanangu, sikilizeni hapa. Nikagawa, na Ngwali akapata karata nzuri. Akaweka kunde, kisha akapeleka mkono wake taratibu hadi sikioni, akalishika. Darubini akamtazama. Akatabasamu. Akakunja karata zake.

"Sikio hilo la leo ni la kuazima, mwanangu," akasema. "Umeambiwa mchana, unalitumia jioni. Mtego huo kategee kware."

Watu wakapiga makofi. Mimi mwenyewe nikasema moyoni, huyu hashindiki. Alijua kwamba Ngwali anajua! Kijana alipata kunde chache tu kwa karata ambazo zingempa mlima mzima. Lakini nilipomtazama Ngwali sikumwona akisikitika. Hakuwa akitazama karata wala kunde. Alikuwa akitazama kofia ya Darubini, na nilidhani amechanganyikiwa.

"Jua limebaki kipande cha nazi!" Shaweji akapiga kelele.

Nikagawa tena. Ngwali akazitazama karata zake, akaziweka chini. Kisha akafanya jambo la ajabu. Aliuchukua mkono wake wa kushoto, akauweka chini ya paja, akaukalia. Akaukalia kabisa, mpaka bega likainama.

Darubini akaweka kikombe chini. Kwa mara ya kwanza jioni ile alikisahau. Macho yake yakatoka begani kwa Ngwali, yakashuka kwenye kiwiko, yakafika kwenye paja, yakapanda tena hadi sikioni, ambako hapakuwa na mkono. Niliona anavyofikiri. Mtu haufungi mkono usiotaka kwenda popote. Mkono huu umefungwa kwa sababu unataka kukimbilia sikioni. Unataka kukimbilia sikioni kwa sababu mwenyewe anadanganya.

Darubini akainua vidole viwili, akaisukuma kofia yake nyuma, mpaka paji la uso likaonekana lote.

Na papo hapo, kabla kofia haijatulia, Ngwali akazisukuma kunde zake zote sahanini.

"Zote, Fundi. Weka kama zangu, kisha ongeza zako zilizobaki. Tumalize. Nikishindwa, ngoma ni kuni, na mimi mwenyewe nitashika shoka."

"Na ukishinda?"

"Ukiwa na uhakika kwamba nadanganya, swali hilo la nini?"

Uani watu wakasema, "Haa!" Bi Kazija akasimama na upawa mkononi, pilau ikidondoka. Darubini akacheka kicheko kizito.

"Maskini mwana wa Mbwana. Mkono umeufunga, bega limekusaliti." Akaumwaga mlima wake wote. "Haya, nawe ufunue."

"Anza wewe, Fundi. Wewe ndiye mkubwa."

Darubini akafunua. Ree, ile karata ya moja inayozidi zote, mfalme, na nne. Hakuwa na pacha. Lakini dhidi ya mwongo, ree inatosha kabisa, na yeye hakuwa na shaka kwamba mbele yake ameketi mwongo.

Ngwali akautoa mkono chini ya paja. Ulikuwa umekufa ganzi. Ilibidi afunue kwa ule wa kulia. Tisa. Kisha saba. Kisha akaigeuza ya tatu, akaiweka juu ya ile ya kwanza bila kuipiga.

Tisa.

"Pacha!" Shaweji akapiga yowe, ngazi ikayumba, akashuka ukutani kama gunia la mkaa. "Pacha wa tisa! Pacha!" Na kabla vumbi lake halijatua, adhana ikasikika kutoka msikitini.

Nilizikusanya karata, nikazifunga kitambaani kama sharti lilivyotaka. Tukamwitikia mwadhini mpaka akamaliza. Darubini alikuwa bado anapatazama mahali karata zilipokuwa.

"Sikio lako nililijua," akasema polepole. "Mkono wako niliujua. Wewe umenijuaje mimi? Mimi sishiki sikio. Sivumi. Sijipepei."

"Kofia, Fundi."

"Kofia imefanya nini?"

"Ramadhani zote nimetembea nyuma yako nikikuitikia," Ngwali akasema, na sasa hakuwa akifoka. "Mwitikiaji lazima ajue kama ubeti mpya unakuja, asije akaitikia wa zamani. Wewe ukiwa unautafuta ubeti, kofia inakaa. Ukishaupata, ukiwa na uhakika, unaisukuma nyuma kwa vidole viwili, ndipo unapoanza kuimba. Haijawahi kunidanganya. Niliposhika sikio, haikutembea, nikajua hukuamini. Nilipoukalia mkono, ikarudi nyuma. Nikajua shauri umeshakata. Kama isingerudi, ningekunja."

Darubini akaivua kofia yake. Akaigeuza huku na huku, akaitazama ndani na nje, kama anayetafuta mtu aliyejificha humo. Watu wakaanza kucheka, lakini Bi Kazija akainua upawa, wakanyamaza.

"Fundi," akasema, "mimi umejua najipepea. Shaweji umejua anavuma. Mtoto wa watu umejua sikio lake. Sote uani humu umetusoma. Wewe ulidhani sisi macho tumepewa ya kutazamia pilau tu? Msoma nyuso husahau uso wake."

Hapo ndipo iliposemwa mara ya kwanza. Kesho yake ilikuwa sokoni, keshokutwa ilikuwa Pongwe, na leo inatoka jikoni kwa bibi yenu.

Ngwali hakungoja. Aliinyanyua ngoma ya baba yake, akaisogeza karibu na jiko ngozi ipate joto, akaijaribu kwa ncha za vidole. Kisha akaipiga hasa, pale pale uani, akatoa ubeti uliokuwa umemkaa kooni miaka yote:

*Amka mama amka, chungu chako kinangoja,*
*Usiku umeshavuka, daku halingoji mja!*

Wallahi, nywele zilinisimama. Gogo lile la mafua lilinguruma mpaka kuku wakaruka bandani. Tulikuwa tunaitikia kwa kupayuka, Shaweji akichechemea, Bi Kazija akipiga upawa kwenye sufuria. Na nilipogeuka nikamwona Darubini. Alikuwa ameinuka mkekani. Nilidhani anakwenda zake, lakini alizunguka, akaja kusimama nyuma ya Ngwali, mahali pa mwitikiaji. Kofia ilikuwa mkononi, hakuivaa.

"Hapa ndipo pangu mwaka huu," akasema. "Imba, mwanangu. Nami nina mwezi mzima wa kutazama kisogo chako."

Ngwali akacheka, lakini niliona mkono wake ukisita. Maana alielewa. Na mwaka uliofuata, ulizeni wakubwa wenu, Ngwali alikaa mkekani kwa adabu sana.

Basi, Mahanyu, umeshindwa kwa sababu gani? Unasema dada yako akipata karata mbaya anauma mdomo. Kweli, anauma, hata mimi nimemwona. Ulikuwa unautazama mdomo wake kwa bidii kiasi kwamba hukujua kidole gumba cha mguu wako kinafanya nini. Kinacheza, mwanangu. Ukipata karata nzuri kinacheza chenyewe mkekani kama mkia wa mjusi. Nawe Tunu usijione umefika. Najua kwa nini leo umekaa upande ule unakoonekana miguu ya mwenzako, na kwa kunitazama hivyo umeshanionyesha kwamba nimesema kweli.

Haya, chukueni karata, mcheze tena. Safari hii kila mmoja aanze kwa kujitazama mwenyewe. Msoma nyuso husahau uso wake.