Pilau ya Binti Zamzamu

Hapo zamani, katika mji wa Sultani Darweshi, palikuwa na ada ya kale: atakayerithi kiti sharti awapikie wazee wa mji pilau kwa mkono wake mwenyewe, nao wakila wakashiba ndipo wamkubali. Sultani alikuwa na mtoto mmoja tu, Binti Zamzamu, naye alimpenda hata hakutaka moshi umguse macho. Basi akamwekea mwanachuoni mkuu, Shehe Mbwarali, amfundishe upishi vitabuni. Ikawa binti amehifadhi jina la kila kiungo na nchi kitokako, ila kuwasha moto hajui.

Siku moja alipokuwa akisoma darasa lake barazani, mtu mmoja akaangua kicheko. Alikuwa Mwinchande, fukara asiye kazi, amevaa kanzu aliyojishonea mwenyewe, mkono mmoja mrefu kuliko wa pili.

"Wamcheka mwanangu?" sultani akanguruma.

"Hasha, Maulana, najicheka mwenyewe. Mimi nami nalikuwa bingwa wa kuogelea, nikiwaeleza watu barabarani namna ya kupiga mikono, mpaka siku niliyotumbukia kisimani. Walionitoa walikuwa wanafunzi wangu."

"Vema. Basi mfundishe wewe, tena kwa maneno matupu. Asishike kisu, asiuone moshi, wala asikanyage jikoni. Siku ya karamu akishindwa, kiti kitakwenda kwa ami yake, nawe utatoka mji huu usirudi."

Mwinchande akarudi kwake akijuta, maana yeye hata uji ulimshika chini. Lakini amri ni amri. Kila asubuhi akaenda kufundisha kwa mdomo.

"Mwalimu," binti akamwuliza, "kitunguu kikiiva hunukiaje?"

"Sijui, Bibi. Changu hakijapata kuiva, huungua tu."

Binti akacheka, kisha machozi yakamlengalenga. "Wazee nitawalisha nini mimi?"

Mwinchande akajikuna kichwa, akafikiri, akamnong'oneza neno.

Siku ya karamu ikafika. Wazee walikuwa hawajaonja kitu tangu alfajiri, wakinawa mikono kwa pupa. Binti Zamzamu akaingia na sinia kubwa lililofunikwa kawa, akalitua, akafunua. Halikuwa na kitu.

"Karibuni, wazee wangu," akasema. "Mchele umechambuka, nyama imelainika, iliki na mdalasini vyanukia."

Sultani akasimama kwa ghadhabu. "Pilau i wapi?"

"Hiyo mbele yako, Maulana," akajibu Mwinchande. "Uliamuru ifundishwe kwa maneno matupu, ikafundishwa. Kwa maneno ikapikwa. Tafadhalini, ileni kwa maneno."

Shehe Mbwarali, kwa kumstahi mfalme, akapeleka mkono siniani, akafinyanga tonge la hewa, akatafuna. Kisha akaugua.

"Maulana, niwie radhi. Mimi nimesoma sana, ila tumbo langu halikusoma."

Sultani akatazama mkono wake mwenyewe, akaona umekwisha nyooka kuelekea sinia tupu. Aibu ikampanda, halafu kicheko, akacheka hata kilemba kikamlegea.

"Mwanangu," akasema, "nenda jikoni."

Binti akakimbia kama aliyefunguliwa kamba. Sufuria ya kwanza ikaungua, wakaimwaga. Ya pili ikawa bokoboko. Wazee wakangoja mpaka alasiri, wakinung'unika, ndipo akatoka macho mekundu, kidole kimefungwa kitambaa, kabeba pilau yenye ukoko na chumvi kiasi. Wakala, wakashiba, wakamkubali. Sultani akaparuza ukoko kwa kucha, asimwachie mtu.

"Ewe Mwinchande, tangu leo u mwalimu wa watoto wa mji huu. Nikutunuku nini?"

"Sahani nyingine, Maulana. Ila hii nipewe bila maelezo."

Akapewa. Nami nimesimulia mpaka hapa, kwani aliyekuwa akila hakusema neno tena.