Mihuri Chini ya Boneti

Dhamana hurudisha chuma, haimrudishi mtu. Mmemsikia bibi yenu akimwambia hivyo Erasto, alipokuja kutuonyesha makaratasi ya dhamana ya gari analotaka kununua, nanyi mkacheka. Haya, kaeni chini. Msemo huo haukuokotwa njiani. Hapa Lupembe tunajua ulitoka kinywani mwa nani, na chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na mpasua mbao, Eliudi Nyagawa, mume wa Yusta. Mtoto wao wa kwanza alifia tumboni, kwa kuwa siku ya uchungu gari halikupatikana kijiji kizima. Yusta aliposhika mimba tena, Eliudi akauza msitu wake wote wa misindano, wakaenda pamoja hadi yadi ya magari kule Mbeya. Msije mkadhani lilikuwa gari la fahari. Lilikuwa la kumfikisha Yusta hospitali, basi.

Kijana wa yadi alikuwa na maneno matamu, kama wote walivyo. Gari lilipokwisha kuchaguliwa, akaanza na nyongeza zake: rimu za kung'aa, vioo vyeusi, redio ya kisasa. Hivyo vyote Eliudi alivikataa. Ndipo kijana akatoa dhamana ndefu. Miaka mitano, chochote kikiharibika kwenye injini, kampuni itatengeneza bure. Sharti ni moja tu, fundi mwingine asiguse. Wakabandika mihuri myekundu chini ya boneti, kwenye rejeta, kwenye mipira ya maji, kila mahali.

Yusta alimvuta mumewe pembeni. Akamkumbusha kwamba fundi wanaye, Kihwele, jirani yao. Hiyo pesa ya dhamana iwe akiba ya mtoto. Eliudi hakusikia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye alikwisha kuzika. Kitu chochote kilichoitwa dhamana angekikumbatia, akasaini.

Uchungu ulimshika Yusta mchana mmoja wa masika. Wakatoka, mama yake Eliudi akiwa kiti cha nyuma, amemshika mkwewe kiuno. Hawajamaliza mlima, mvuke ukafuka mbele. Mpira wa maji wa rejeta ulikuwa umepasuka. Ungesema ni bahati, maana gereji ya Kihwele ilikuwa palepale kwenye kona. Kihwele akaja na bisibisi, akainama, akasema ni kazi ndogo: atakata palipopasuka, atafunga upya, atajaza maji, waende zao. Lakini muhuri ulikuwa umekaa juu ya kibano cha mpira.

Eliudi akapiga simu kwanza. Kampuni ikamjibu kwa adabu kwamba mtu asiguse, fundi wao anaondoka sasa hivi.

"Nivunje, Eliudi?" Kihwele akauliza.

"Ngoja. Ukivunja, halafu injini ikafa huko mbele, nani atanisaidia?"

Yusta akasema kutoka ndani, taratibu, "Mume wangu, vunja."

"Wako njiani, mke wangu. Vumilia kidogo."

Jamani! Mwanamke yuko kwenye uchungu, fundi amesimama na bisibisi mkononi, na mume anaitazama barabara ya Mbeya. Malori ya mbao hayakupita siku hiyo kwa sababu ya tope. Kihwele naye aliogopa kugusa mali ya mtu bila ruhusa, na jambo hilo lilimtafuna mpaka kufa kwake. Eliudi akapiga simu tena, kisha tena, akijibiwa vilevile. Alikuwa ameiweka sikioni kwa mara nyingine mama yake alipofungua mlango.

"Usipige tena, mwanangu," akasema. "Nipe shuka nimfunike mkeo."

Yusta na mtoto walizikwa kaburi moja.

Na kampuni, nisiisingizie, haikudanganya. Fundi wao alifika jioni ileile, akakuta mihuri mizima, akasema mwenye gari ni mtu mwaminifu. Wakalivuta. Matanga hayajaondolewa, likarudishwa limeoshwa, mpira mpya, hata rejeta wamebadilisha, na mihuri mipya wamebandika. Kijana aliyelileta akampa Eliudi funguo mbele ya waombolezaji, akamwambia kila kitu kimerudi kama kilivyokuwa na hadaiwi hata senti.

Eliudi akazigeuza zile funguo kiganjani.

"Chuma mmekirudisha," akasema. "Mtu wangu je?"

Mama yake Eliudi akaanza kulia upya, na wanawake wote wakamfuata.

Gari hilo hakuliendesha tena. Lilikaa uani mwake mpaka magurudumu yakazama ardhini na kuku wakataga kwenye viti. Siku moja, Eliudi akiwa mzee tayari, mtu alikuja akitaka kulinunua kwa vyuma chakavu. Akainua boneti, akaikuta ile mihuri myekundu, hakuna hata mmoja uliovunjwa. Eliudi alipoiona, aliomba boneti ifungwe, akaingia ndani.

Kwa hiyo bibi yenu hakumkataza Erasto kununua gari. Alimwambia tu: dhamana hurudisha chuma, haimrudishi mtu.